Nimejipima madini ya chuma nyumbani mara mbili, majibu yamekataana. Niamini lipi?

Mpishi_wa_Mlimani (Moshi)
Jumapili, saa 2:40 usiku

Habari za jioni wakuu. Naomba mwenye ujuzi wa maabara au nesi anisaidie, maana nyumbani kwangu kumezuka ubishi na kinachobishaniwa ni damu yangu.

Nina miaka 34, watoto wawili, nakaa Pasua. Kazi yangu ni kupika mlimani. Msimu ukichanganya napanda Kilimanjaro mara mbili, kuna miezi hata mara tatu, njia ya Machame au Lemosho. Huu ni mwaka wa sita, kwa hiyo uchovu naujua kwa majina. Kuna wa kuamka saa tisa usiku kambi ya Barafu kuchemsha maji ya wageni, kuna wa kumenya viazi vidole vimekufa ganzi. Huu ulionianza tangu mwezi wa sita siujui. Kile kilima cha kwa mama mkwe Kibosho nilikuwa nakipanda huku naongea na simu. Sasa nasimama mara tatu, najifanya nafunga kamba za viatu. Nywele zinabaki kwenye kitana. Halafu kuna hili ambalo naona aibu hata kuliandika: nakula mchele mbichi. Nikikaa kuchambua mchele wa wageni, mkono mmoja unatoa mawe, mwingine unapeleka mdomoni. Wagumu, yaani wapagazi wetu, wameshanipa jina, wananiita Kuku.

Mwezi wa nane nilishuka mlimani Jumanne, Alhamisi nikaenda zahanati moja hapa mjini. Wakanitoboa kidole, wakasema damu 12.4, iko vizuri mama, ni kazi zako tu, pumzika. Nipumzike mwezi wa nane, sawa.

Mwisho wa mwezi huo tulikuwa na kundi la Wajerumani. Siku ya kuagana hotelini wageni wakagawa vitu kama kawaida, wenzangu wakapata tochi na soksi. Mama mmoja wa makamo akanipa mimi koti la mvua na viboksi viwili. Alikuwa amejipima madini ya chuma kabla ya safari, vikambakia. Nadhani aliniona na ule mchele.

Maelezo yote Kijerumani. Nikapiga picha, simu ikatafsiri: "Kipimo cha ghala la chuma." Mume wangu ni fundi wa kuchomelea. Alicheka mpaka akakaa chini, akaniuliza kama naweza kumpimia na nondo zake.

Nikasubiri watoto walale. Nikaosha mikono kwa maji ya moto, nikafuta kidole cha pete kwa kile kitambaa cha spiriti. Kisindano chake kimefichwa kwenye kikofia cha plastiki, unakibonyeza kinajichoma chenyewe, ta! Damu haikuja. Vidole vya mpishi vina sugu wakuu. Nikakamua kuanzia kwenye kiganja kama nakamua ng'ombe, likaja tone, nikalivuta kwa kimrija hadi kwenye mstari, nikaliangushia kwenye kitundu cha kibao. Kibao chenyewe ni kama kile cha malaria. Kisha matone mawili ya dawa ya kwenye kichupa. Damu ikaanza kutambaa kwenye kidirisha, polepole, kama chai inavyopanda kwenye ncha ya kitambaa. Dakika kumi za simu zilipoisha kulikuwa na mstari mmoja tu, kwenye C, ule wa kuonyesha kwamba kibao kinafanya kazi.

Sasa kwa kipimo hiki, mmoja ndio kasheshe. Miwili ina maana ghala liko juu ya 30, mmoja ina maana liko chini.

Kesho yake duka la dawa wakaniuzia dawa ya maji nyekundu ya kuongeza damu. Nimekunywa siku kumi, vijiko viwili kwa siku. Juzi nilishinda kitandani na mafindofindo, homa, hata mate hayamezeki, nikaona kwa kuwa nimekaa bure ngoja nitumie kile kiboksi cha pili. Mistari miwili! Ule wa T, wa jibu lenyewe, mwembamba lakini upo, hata mwanangu wa darasa la tatu kauona.

Mume anasema nimepona, nikubali safari ya Alhamisi. Mimi nasema mbona leo mchana nimekula mchele tena. Niamini kipimo kipi?

---

Maabara_Majengo
Jumapili, saa 4:05 usiku

Dada Mpishi, pole kwa mafindofindo. Kwa ulivyoeleza, mimi nakiamini kipimo cha kwanza.

Kile kibao kinapima feritini, protini inayotunza chuma mwilini, na simu yako haikukosea sana kusema ghala. Chukua mahindi ya nyumbani. Kuna ya kwenye debe jikoni na kuna ya kwenye kihenge. Hemoglobini, ile ya kwenye chembe nyekundu inayobeba hewa, yaani 12.4 ya zahanati, ni debe la jikoni. Feritini ni kihenge. Mwili ukipungukiwa chuma unaanza kuchota kihengeni, debe linabaki limejaa miezi kadhaa, na anayechungulia jikoni peke yake atakuambia hakuna njaa.

Mistari miwili siku ya homa ndiyo iliyowachanganya. Feritini inapanda mwili ukipambana na maambukizi. Mafindofindo, malaria, nimonia, kidonda kilichooza, hata maradhi ya ini, yote yanaweza kuipandisha na ghala likiwa tupu vilevile. Ndiyo maana WHO, Shirika la Afya Duniani, inaweka mpaka wa upungufu kwa mtu mzima mwenye afya kuwa chini ya 15, lakini mtu akiwa na maambukizi au uvimbe mwilini mpaka wenyewe unapandishwa hadi 70. Kibao chako hakijui kama una homa, chenyewe kinaangalia 30 tu. Kwa hiyo likija jibu la chini, liamini, kwa sababu feritini haishuki hivihivi. Likija la kawaida siku unaumwa, liweke pembeni, upime tena ukishapona vizuri.

Siku kumi za dawa ya maji pia haziwezi kujaza ghala. Hiyo ni kazi ya miezi.

Nina maswali. Siku ya pili ulisoma dakika ile ile ya kumi, au ulilala ukaja kukuta? Ukichelewa, kunaweza kutokea mstari wa uongo. Na viboksi vilipanda mlimani kwenye begi la mgeni au vilibaki hotelini? Vipimo hivi vinataka joto la nyuzi 2 hadi 30, vikilala Barafu vikaganda havifai tena hata kama mstari wa C unatokea.

Halafu acha kukamua kidole. Ukikamua, maji ya kwenye nyama yanachanganyika na damu, jibu linayumba. Ning'iniza mkono chini dakika moja, toboa pembeni mwa ncha ya kidole na siyo katikati, tone la kwanza lifute, la pili ndilo uchukue.

Na ile 12.4 nayo siipendi. Mpaka wa mwanamke asiye mjamzito ni 12, kwa hiyo ulipita kwa nywele. Lakini ulipimwa siku mbili baada ya kushuka mlimani! Ukiwa juu kule maji ya damu yanapungua, damu inakuwa nzito, namba inapanda bila chembe kuongezeka. WHO inataka namba ya mtu anayeishi mahali pa juu ipunguzwe kabla ya kuisoma. Wewe unakaa chini lakini nusu ya mwezi unalala juu ya mita 3,000. Mkipima hapa Moshi baada ya wiki mbili tatu bila mlima ndiyo tutajua debe lina nini.

---

Mama_wa_Uru
Jumapili, saa 4:31 usiku

Mwanangu, vipimo vya kupewa na wageni vya nini wakati uko Uchagani? Mbuzi akichinjwa omba kisusio, ile supu ya damu, kunywa bakuli moja kikiwa cha moto. Mnafu, maini, dagaa. Sisi tulizaa tukainuka kwa hivyo. Na rozela, chupa moja kila siku, damu inarudi mashavuni.

---

Maabara_Majengo
Jumapili, saa 4:44 usiku

Shikamoo mama. Kisusio sikipingi, damu na maini vina chuma kinachoingia mwilini kwa urahisi kuliko cha majani. Tatizo ni mbuzi wangapi. Rozela ni nyekundu kwa rangi yake tu, wekundu ule siyo chuma. Mnafu nao unasaidia, ila tukishakula tunateremshia na chai ya maziwa pale pale, na chai inakizuia chuma kisipite. Kahawa yetu pia, inaniuma kusema. Afadhali chungwa au limau, chai ingoje saa moja au mbili.

---

Mkunga_Sakina (Arusha)
Jumatatu, saa 12:20 asubuhi

Nimetoka zamu ya usiku, nimesoma yote. Mtaalamu wa maabara ameeleza vizuri, ila mmeongea ghala, debe, kihenge, na hakuna aliyeuliza panya yuko wapi. Mwanamke wa miaka 34 chuma chake kimeenda wapi?

Dada, hedhi yako ikoje? Usinijibu kwamba ni kawaida, kila mtu ana kawaida yake. Unabadilisha pedi kila baada ya muda gani siku ya pili? Unaamka usiku kubadilisha? Yanatoka mabonge? Zinakwenda zaidi ya siku saba? Na je, unatumia njia gani ya uzazi wa mpango?

Kula mchele mbichi usilionee aibu. Kliniki naona wa mchele, wa udongo, wa barafu, hata wa chaki. Mara nyingi ni mwili unaodai chuma, na chuma kikianza kurudi ile hamu huondoka mapema kuliko uchovu.

Hiyo dawa nyekundu igeuze usome kibandiko. Nyingi zina vitamini kibao na chuma kidogo mno. Kidonge cha kawaida cha feras salfeti cha miligramu 200 kinatoa chuma halisi karibu miligramu 65. Linganisha na vijiko vyako. Lakini usinunue kabla hujapimwa damu ya mshipani, na usisahau kama umezaa hivi karibuni au una mimba ni habari nyingine kabisa.

---

Bajaji_Kijenge (Arusha)
Jumatatu, saa 7:15 mchana

Mimi si mtaalamu, ni dereva. Naandika ili mwanaume anayesoma huu uzi asikimbilie kibao.

Mwaka jana shemeji aliagizia kipimo kama hicho mtandaoni, akabakiwa na kimoja, nikakitumia kwa utani tu kwa sababu nilikuwa nachoka sana mchana. Mstari mmoja. Nikasema basi, tatizo limejulikana, nikanunua vidonge vya chuma, nikameza miezi minne. Mwezi wa kwanza nikaona nafuu, kisha nikarudi pale pale. Choo kilikuwa cheusi lakini duka la dawa walishaniambia chuma kinafanya choo cheusi, kwa hiyo sikuhangaika.

Kumbe nina kidonda cha tumbo kinavuja. Mgongo wa bajaji unauma, mimi nameza dawa za maumivu kila siku asubuhi bila chakula, tena mbili mbili. Siku niliyoanguka stendi damu ilikuwa 6. Niliongezewa chupa mbili. Daktari aliniuliza choo kilikuwa cheusi namna gani, nikamwambia kinanata kama lami na harufu yake hata mimi mwenyewe nilitoka mbio. Akasema hicho siyo cha vidonge. Cha vidonge ni cheusi au kijani iliyoiva, hakinati hivyo.

Mwanaume hana hedhi. Chuma kikipungua kwa mwanaume kuna mahali kinatoka, kama si kidonda basi minyoo ya safura, kama si minyoo basi jambo kubwa zaidi la utumbo. Mimi kile kibao kilisema kweli tupu, nilichokosea ni kujigeuza daktari baada ya hapo.

---

Mkunga_Sakina
Jumatatu, saa 7:50 mchana

Pole sana kaka. Maneno yako yabandikwe kila duka la dawa. Na mama aliyekwisha koma hedhi yuko kundi moja na wewe.

---

Mpishi_wa_Mlimani
Jumatatu, saa 3:10 usiku

Asanteni sana. Najibu kwa mpangilio.

Viboksi vilibaki hotelini Moshi, mgeni aliniambia. Siku ya kwanza nilisoma kwenye dakika ya kumi. Siku ya pili, jamani, nilipitiwa na usingizi wa homa. Aliyeniamsha ni huyo mwanangu wa darasa la tatu akiuliza mbona mama una kipimo cha mimba. Sijui zilikuwa dakika ngapi. Mume wangu kimya.

Dawa nyekundu nimesoma. Vijiko viwili ni miligramu 12.

Mkunga, umenishika. Kitanzi, kile cha shaba, mwaka wa pili sasa. Waliponiwekea walisema hedhi itaongezeka kidogo miezi ya mwanzo. Haikupungua. Mlimani siku ya pili nabadilisha kila saa mbili, tena kwa choo cha kambi, kwa tochi ya kichwani, na usiku naamka. Sikuwahi kukihesabu kama ugonjwa kwa sababu hakiumi. Najaribu kukumbuka uchovu ulianza lini nikagundua nahesabu kuanzia pale.

Safari ya Alhamisi nimempa mwenzangu. Imeniuma, nisiwadanganye.

---

Mkunga_Sakina
Jumatatu, saa 3:32 usiku

Usikivute mwenyewe na usikimbilie kukitoa kabla hujaongea na mtu. Kitanzi cha shaba kinaongeza damu ya hedhi kwa wengi, lakini wakati huohuo unaweza kuwa na uvimbe kwenye kizazi ambao haukuonekana, kwa hiyo waombe na utrasaundi. Kuna kitanzi kingine cha homoni ambacho kinapunguza hedhi, kuna sindano, kuna kijiti. Utachagua. Waambie wakupime picha kamili ya damu, yaani FBP, na feritini ya maabara, siku ambayo huna homa. Choo kwa ajili ya minyoo pia, hasa kama kwa mama mkwe Kibosho kuna shamba. Nenda na daftari umeandika siku na idadi ya pedi. Ukisema "nyingi" wanaandika "kawaida".

---

Mpishi_wa_Mlimani
Wiki tano baadaye, Jumamosi, saa 11:05 jioni

Wakuu nimerudi na majibu. Nilingoja mafindofindo yaishe, nikakaa siku kumi na saba bila mlima, kisha nikaenda hospitali. Damu ya mshipani safari hii, chupa mbili ndogo, moja kifuniko cha zambarau.

Damu 11.3. Ile 12.4 ilikuwa ya mlima, Maabara ulisema. Chembe nyekundu zimekuwa ndogo, MCV 74, daktari akanionyesha kwa kidole kwamba zinatakiwa kuanzia 80. Feritini ilichukua siku nne kutoka, na bei yake ilikaribia posho yangu ya siku mbili. Imekuja 9. Minyoo hakuna. Kizazi hakina uvimbe.

Nilimwonyesha daktari picha ya kibao cha kwanza kwenye simu. Nilidhani atanicheka kama mume wangu. Akaikuza, akaitazama, akasema hiki kimekufanyia kazi yake, kimekuleta hapa. Kile cha pili hakukiangalia hata sekunde mbili baada ya kusikia mafindofindo na usingizi.

Nimepewa vidonge, kimoja siku moja, siku inayofuata napumzika. Nikauliza mbona kidogo, akasema ukijaza kila siku utumbo unafunga mlango, na tumbo linakuuma bure. Damu ikirudi kawaida nitaendelea miezi mitatu mingine ili kihenge kijae. Nimemwambia hivyo hivyo, kihenge, akacheka. Kitanzi kimetoka, nina kijiti mkononi, bado kinawasha.

Mchele: wiki moja na nusu ya vidonge. Jana nimechambua kilo tatu za sherehe ya jirani, nikashtuka nimemaliza na mdomo uko mtupu. Uchovu bado upo, ila Kibosho nimesimama mara moja tu.

Swali la mwisho kwa Maabara. Mwezi ujao kuna Lemosho siku nane, daktari amesema nikiona nafuu niende lakini nisibebe mzigo. Vidonge vikilala Barafu kwenye baridi ile vinaharibika kama vile vibao?

---

Maabara_Majengo
Jumamosi, saa 1:18 usiku

Hongera dada. Baridi haivisumbui, adui wa vidonge ni unyevu. Viache kwenye kopo lake, kifuniko kikaze, weka kwenye mfuko wa koti na siyo kwenye sanduku la jiko ambalo kila mgumu anachokora. Nyumbani pia viweke juu kabisa, vinafanana na pipi na mtoto akimeza vingi ni sumu. Na usivimeze na chai ya saa kumi na mbili asubuhi, najua mlimani ndiyo ya kwanza kuchemka.